Kuletewa vitu vya sokoni nyumbani Arusha: lini inalipa, lini unapigwa

Ukiwauliza watu wa Arusha kwa nini hawaagizi mahitaji ya nyumbani kwa simu, wengi watakutajia nauli ya boda. Mimi nauli hainisumbui, maana unaiona na unaijua kabla mzigo haujatoka sokoni. Hela yako inaliwa na yale usiyoyaona: sado (lile kopo la kupimia la sokoni) iliyopimwa hukuwepo, bei iliyoongezwa mia mbili hapa na mia tano pale, na ile nyongeza ya nyanya mbili tatu ambayo mama wa sokoni hukutupia kwenye mfuko ukifika mwenyewe. Swali la kujiuliza, basi, ni kitu gani uletewe, na nani, kwa masharti gani.

Kuagiza huku kwetu maana yake hasa ni ujumbe wa WhatsApp kwa mtu wa soko la Kilombero au Soko Kuu, boda anayejua kwako, na malipo ya simu. Wakubwa waliotaka kuifanya kazi hii kwa mtandao wa kupendeza wamepata tabu hata penye barabara nzuri na wateja wengi. Webvan ya Marekani, iliyokuwa ikipeleka vyakula majumbani, ilifilisika mwaka 2001. Jumia, iliyokuwa ikiuza kila kitu mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kipande cha mwisho cha safari, kutoka ghalani mpaka mlangoni kwako, ndicho ghali kuliko vyote, na lazima mtu akilipie. Ukiona mtu anatangaza "tunakuletea bure", ujue nauli imeshaingia kwenye bei ya mchele.

Hatua ya kwanza: jua safari yako ya sokoni inakula shilingi ngapi

Watu hulinganisha bei ya kuletewa na sifuri, kama vile kwenda sokoni ni bure. Chukua karatasi. Tuseme unakaa Njiro na unanunua vitu vya 60,000 Kilombero (weka namba zako, hizi ni za mfano tu). Daladala ya kwenda 700. Kijana wa kukubebea mzigo mpaka barabarani 1,000. Kurudi huwezi kupanda daladala na viroba viwili, kwa hiyo bajaji 4,000. Jumla 5,700, na hapo sijahesabu juisi ya miwa wala sufuria uliyoiona njiani ukaipenda.

Sasa kuletewa. Boda 3,000. Muuzaji kaongeza kidogo kidogo kwenye kila kitu, tuseme asilimia tano ya 60,000, ambayo ni 3,000 nyingine. Akakwambia "tuma na ya kutolea", weka 1,500. Jumla 7,500. Tofauti ni 1,800, nawe umebakiwa na asubuhi nzima. Kwa mwenye kazi ya kuajiriwa, au mwenye mtoto mchanga mgongoni, hapo hakuna mjadala. Kwa anayepita Kilombero kila jioni akitoka kazini, kuagiza ni kutupa hela.

Hesabu hiyo inabadilika sana kwa ukubwa wa oda. Boda wa 3,000 kwenye mzigo wa 15,000 ni asilimia 20 ya bei. Kwenye mzigo wa 90,000 ni kama asilimia tatu na kidogo. Anayeagiza vitu vidogo vidogo mara tatu kwa wiki ndiye anayelalamika kwamba kuletewa ni ghali, naye anasema kweli, ila dawa iko mikononi mwake. Kama mnakaa fensi moja wapangaji watatu, unganisheni oda na mchangie boda. Kila mtu awe na kiroba chake chenye jina, vinginevyo mtagombania vitunguu.

Mwenye gari binafsi ahesabu mafuta, maegesho na foleni ya mjini. Wengi hawataki kuifanya hesabu hii kwa sababu wanajua jibu.

Hatua ya pili: gawa orodha kabla hujashika simu

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Orodha ya nyumbani haiwezi kuwa kitu kimoja. Mimi naigawa kwa swali moja tu: je, kuna tofauti yoyote nikichagua mwenyewe?

Sukari ya kiwandani, mafuta ya kula ya lita tano yenye lakiri, unga wa sembe wa kilo 25, sabuni, chumvi, pempasi: hivi havina tofauti. Viko kwenye pakiti, uzito umeandikwa, alama ya TBS ipo au haipo. Isitoshe ni vizito. Hivi agiza bila wasiwasi, na agiza vya mwezi mzima kwa mpigo. Maji ya dispensa ni hivyo hivyo, dumu la lita 18.9 ni karibu kilo 19 na hakuna sababu ya kulibeba wewe. Angalia lakiri ya mdomoni tu.

Kundi la pili ni vile ambavyo ukishamjua muuzaji vinaagizika: mchele, maharage, vitunguu, viazi, karoti, ndizi. Mchele ndio wa kuwa nao macho zaidi. Watu wa huku wanaupenda mchele wa Magugu, na Moshi wana wao wa Kahe na Chekereni, na kila mtu anajua mchele wenye jina zuri huchanganywa na mwingine wa bei ya chini. Kwa simu huuoni wala huunusi. Dawa yake ni kununua kilo moja kwanza, upike, kisha uagize kilo 20 za gunia lile lile: "ule ule wa juzi, kama umeisha niambie". Maharage pia, uliza ni ya msimu huu au yamelala ghalani, maana ya zamani yatakula gesi yako yote jikoni yasiive.

Kundi la tatu nenda mwenyewe, au usiagize mpaka umpate mtu wa kumwamini kama ndugu: nyama, samaki wabichi, nyanya wakati wa bei juu, na matunda ya kuliwa siku hiyo hiyo. Nyanya zikiwa nyingi, mzigo wa Ngarenanyuki umejaa sokoni, hata sado ya kuagiza inakuja nzuri kwa sababu hakuna haja ya kumsukumia mtu mbovu. Zikiadimika, zile laini za chini ya tenga lazima ziende kwa mtu, na huyo mtu ni yule asiyekuwepo. Wewe.

Nyama naitetea kwa nguvu zaidi. Ukisimama buchani unaonyesha kwa kidole. Ukiagiza, "mchanganyiko" unakuwa mfupa na mafuta, halafu inasafiri juani. Kama ni lazima, taja kipande, omba picha kabla haijakatwa, na iwe asubuhi.

Hatua ya tatu: mtafute mtu wako

Kuna njia nne hivi, na haziko sawa.

Duka la Mangi mtaani kwako ndiyo njia ya kwanza, na watu wanaidharau. Bei yake iko juu kidogo kuliko mjini, lakini kijana wake anakuletea kwa miguu bila nauli, anakujua, na kitu kikiwa kibovu unakirudisha leo leo. Kwa oda ndogo ya elfu kumi Mangi anamshinda kila mtu.

Supamaketi zinazopokea oda kwa simu zinafaa kwa vile vitu vya pakiti, na unapata risiti. Mboga zao mimi siziagizi. Arusha iko katikati ya mashamba, sioni kwa nini ule karoti iliyokaa kwenye friji siku tatu.

Kurasa za Instagram zenye picha za vikapu vilivyopangwa vizuri zina watu waaminifu na zina matapeli, na picha haikusaidii kuwatenganisha. Anza na oda ndogo, lipa mzigo ukifika. Anayekataa kabisa hilo kwa mteja wa mara ya kwanza, mwache aende.

Njia ninayoipendekeza ni ya nne: mama mmoja wa sokoni na boda mmoja. Nenda sokoni mwenyewe mara chache, Kilombero, Soko Kuu, au Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Nunua kwa watu tofauti. Angalia nani anapanga nyanya nzuri juu na mbovu chini, na nani anakwambia "dada, hizi leo usichukue, subiri za kesho". Huyo wa pili chukua namba yake. Mwambie wazi: nitakuwa naagiza kila wiki, utaninunulia na vile usivyouza wewe, nitakulipa cha juu. Taja kiasi hicho kabisa, tuseme 3,000 kwa oda nzima. Ukimlipa cha juu kinachojulikana hana haja ya kukipata kwa kuficha ndani ya bei ya hoho. Mapatano haya madogo yanaokoa hela kuliko ujanja mwingine wowote nitakaoutaja hapa.

Boda naye awe mmoja wa kijiwe cha karibu na soko au cha mtaani kwako, anayepajua kwenu. Msipatane nauli upya kila siku. Pangeni bei ya kawaida, bei ya mvua, na bei ya mzigo unaozidi kiroba kimoja. Mzigo mkubwa kama gunia la mahindi uende na guta au kirikuu. Kuna watu wanalazimisha kilo mia kwenye pikipiki ili waokoe elfu mbili, halafu wanashangaa mayai yamevunjika. Mayai, kwa njia, yasafiri na trei tupu juu yake, yamefungwa pamoja kwa kamba, na yawe mbele ya dereva.

Hatua ya nne: andika oda inayoeleweka

Oda mbaya inasema "nyanya, vitunguu, parachichi, mboga". Muuzaji atajaza nafasi zote ulizoziacha wazi, na atazijaza kwa faida yake. Hii hapa oda nzuri, ikitumwa jioni:

"Shikamoo mama. Kesho kabla ya saa tatu asubuhi naomba:
Nyanya sado 1, nusu zilizoiva, nusu za kukaa siku nne. Laini usiweke.
Vitunguu kilo 3, vikavu, vya wastani.
Parachichi 6, mbili za kula kesho, nne za Jumamosi.
Ndizi mshare chane 3, mbichi kabisa.
Karoti kilo 1. Hoho 4.
Mchicha fungu 3 kama ni wa leo. Kama umelala, niwekee mnafu.
Nyanya zikizidi elfu nane nipigie kwanza.
Nitumie jumla na picha kabla hujamkabidhi boda. Asante mama."

Angalia kinachofanyika hapo. Kila kitu cha kuiva kimepewa siku yake. Kitu kinachoweza kukosekana kimepewa mbadala, ili asichague yeye. Kitu chenye bei ya kuyumba kimewekewa ukomo. Na imetumwa jioni, kwa sababu mizigo inashuka alfajiri na mama akiwa na oda yako mkononi anakuchagulia mapema, kabla wateja wa asubuhi hawajapekua. Ukimtumia saa tano unapata mabaki ya wenzako.

Panapowezekana agiza kwa kilo. Sado na fungu havina uzito, vina ukarimu, na ukarimu unategemea nani anaangalia. Sado ya nyanya inayojazwa mbele yako inapanda juu ya ukingo. Isiyo na mwenyewe inaishia kwenye ukingo. Mizani ya muuzaji inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika, jambo la kuangalia siku ukienda mwenyewe.

Mahali pa kukuletea papange vizuri pia. Tangu mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao cha anwani ya makazi, lakini boda wa Arusha bado anatafuta kanisa, kituo cha daladala na rangi ya geti. Mpe vyote. Ukituma lokesheni, hakikisha umeituma ukiwa nyumbani, maana ya kutoka ofisini itampeleka ofisini. Masika, Machi mpaka Mei, mwambie ukweli kuhusu tope la mtaani kwenu na mpangane akuachie wapi kama hapapitiki.

Hatua ya tano: malipo

Lipa mzigo ukifika, mpaka mtakapozoeana. Mkizoeana, lipa kwa lipa namba yenye jina la biashara au la mtu unayemjua, na soma jina linalokuja kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaujua, lakini unamnasa mtu anayesubiri oda kwa sababu kweli kuna hela anayotakiwa kuituma. Namba ya malipo ikibadilika ghafla, piga simu usikie sauti ya mama mwenyewe.

Hela ya vitu mpe muuzaji, nauli mpe boda mkononi. Ukizichanganya, siku mzigo ukipungua kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Hatua ya sita: kupokea

Mara nyingi anayepokea si wewe, ni dada wa kazi au mlinzi getini. Mpe ile oda, aandike kwenye karatasi au umsomee kwenye simu, na afungue mfuko boda akiwa bado amesimama. Mpangane na boda tangu mwanzo kwamba dakika tano za kukagua zimo ndani ya nauli, asije akawasha pikipiki kabla hamjafika kwenye parachichi.

Nunua mizani ndogo ya jikoni, au ile ya kuning'iniza wanayopimia mabegi ya safari. Huna haja ya kupima kila kitu. Pima kimoja tu kila oda, leo vitunguu, wiki ijayo mchele, na ukikuta gramu mia pungufu mwambie mama siku hiyo hiyo kwa upole na picha ya mizani. Hatakasirika. Atajua tu kwamba unapima.

Mtungi wa gesi ndio wa kupima kila mara. Shingoni au begani mwa mtungi kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Mtungi wa gesi ya kilo 15 ulioandikwa 14.5 unatakiwa usome 29.5 kwenye mizani. Wa kilo 6, uongeze 6. Mwombe kijana aliyeuleta auning'inize kwenye ile mizani ya mabegi kabla hujamkabidhi ule mtupu, angalia lakiri, kisha upake povu la sabuni kwenye maungio baada ya kufunga regyuleta uone kama panatoa mapovu. Kuletewa gesi ni jambo jema, hakuna haja ya kupanda nao kwenye daladala, lakini bila mizani unanunua hewa.

Mifuko: ile ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na hii mbadala inauzwa. Uwe na viroba viwili. Kimoja kikija na mzigo, kingine kinarudi na boda.

Hatua ya saba: baada ya mwezi, amua

Andika kwenye simu kila oda: bei ya vitu, cha juu, boda, na ulichotupa. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanaisahau. Nyanya za 2,000 ulizozitupa jalalani ni gharama ya kuletewa sawa sawa na nauli. Ukikuta mboga zinakula hela kuliko zinavyookoa, ziondoe kwenye oda ubaki na vikavu, usiache kuagiza vyote. Nyumba nyingi ninazozijua zimeishia hapo hapo: vitu vikavu na gesi vinaletwa mara moja kwa mwezi, mboga kwa mama wa sokoni kila wiki, nyama mtu anapitia mwenyewe Jumamosi.

Ukiwaagizia wazazi

Hapa sheria zangu nyingi zinapinduka. Kama mama yako yuko Kibosho au Marangu, huko milimani Kilimanjaro, na wewe uko Arusha au Dar, kutuma hela tu kunamlazimu atafute wa kumshusha Moshi, apande na mzigo, au ampe mtoto wa jirani kazi ya kununua. Kumwagizia mzigo Soko la Mbuyuni pale Moshi ukapandishwa kwa gari linaloenda huko kunalipa hata bei ikizidi, maana unanunua magoti yake.

Mwagizie vikavu na vizito: mchele, sukari, unga, mafuta, sabuni. Ndizi na mboga usimpelekee, anazo shambani na atakucheka. Muulize kabla, wazee wana unga wao na sabuni yao, na ukiwaletea nyingine wataigawa. Mpe muuzaji namba ya jirani mwenye simu inayopatikana, na uombe picha ya mzigo ukiwa umefika jikoni, na mama naye awepo pichani kama atakubali. Nauli yote ilipe wewe kabla gari halijaondoka Moshi, mpaka ile ya boda wa kutoka barabarani hadi nyumbani, na umwambie mama kwa simu kwamba hakuna anachodaiwa. Usipomwambia atalipa tena, na hatakuambia.